Ngome ya Mawe na Ngome ya Mikoko: Suala la Kujihami dhidi ya Maharamia katika Delta ya Rufiji na Visiwa Jirani

Ikisiri

Historia ya kujihami katika pwani ya Waswahili aghalabu imeandikwa kwa kufuata magofu ya mawe. Makala haya yanaichunguza Delta ya Rufiji, eneo lililo kati ya magofu mawili mashuhuri, yaani Kua upande wa mashariki na Gereza la Kilwa Kisiwani upande wa kusini, lakini ambalo lenyewe halina ngome ya kufananishwa na hizo. Inadaiwa hapa kwamba kutokuwapo kwa ngome ya mawe katika delta si dalili ya unyonge wala ya kuchelewa kimaendeleo. Ni matokeo ya aina ya ardhi, ya namna ya makazi na ya chaguo la kujihami kwa njia nyingine. Inaonyeshwa pia kwamba ngome za mawe zenyewe zilitegemea msitu wa delta, na kwamba dhana ya "ngome iliyojengwa dhidi ya maharamia" inahitaji kutazamwa upya kwa kuanzia kwenye maneno yanayotumika kuielezea.

1.0 Utangulizi

Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi inayoingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Baina ya mikono hiyo kuna msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa na hekta zipatazo 53,000, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyoungana pamoja katika Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya eneo hilo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Wenyeji wake, hususan Wandengereko na Wanyagatwa, wameishi kwa kilimo cha mpunga, uvuvi na ukataji wa boriti. Bandari ya Nyamisati ndiyo inayounganisha Kibiti na Kilindoni, Mafia.

Eneo hili si geni katika historia ya bahari. Felix Chami amelihusisha na Rhapta, soko linalotajwa katika Periplus ya karne ya kwanza, na mwaka 1999 alitangaza kupatikana kwa shanga za Kirumi huko Mkukutu, karibu na Kibiti. Ingawa suala la mahali hasa palipokuwa Rhapta lingali likijadiliwa, shanga hizo zinathibitisha kwamba watu wa Rufiji walikuwa na mawasiliano ya mbali karne nyingi kabla ya kujengwa kwa msikiti wa kwanza wa mawe katika pwani hiyo. Hapana budi kuuliza, basi: watu waliokaa mlangoni mwa bahari kwa muda mrefu namna hiyo walijihami vipi dhidi ya waliokuja kwa nguvu?

2.0 Maneno na Dhana

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja mahali pa kujihami, na kila neno limebeba historia yake. Ngome ni jengo imara la mawe, na ndilo neno lililozoeleka kwa majengo kama Ngome Kongwe ya Unguja. Boma ni uzio, uwe wa miti, wa miiba au wa udongo; wakati wa ukoloni neno hilo likahamia kwenye ofisi ya serikali. Handaki na buruji yametoka katika Kiarabu. Neno mzinga, ambalo hapo awali lilitaja gogo la kufugia nyuki, likapewa kazi ya kutaja silaha iliyokaa juu ya kuta hizo.

Maneno mawili yanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. La kwanza ni husuni, lenye asili ya Kiarabu na maana ya ngome. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kwa hakika ilikuwa kasri na mahali pa biashara kuliko kuwa ngome ya vita. La pili ni gereza, ambalo limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome yao, jina la kanisa likaifunika ngome nzima. Na kwa kuwa ngome ilitumika kufungia watu, neno likaishia kwenye maana ya jela. Mifano hii inatoa funzo moja la mbinu: jina la gofu peke yake si ushahidi wa kazi ya jengo.

Tahadhari hiyo hiyo inalihusu neno haramia. Asili yake ni Kiarabu, na msingi wake ni dhana ya haramu. Kwa hiyo kumwita mtu haramia ni kutoa hukumu kabla ya kutoa maelezo. Mfano mzuri unapatikana katika Periplus yenyewe. Tafsiri ya Schoff ya mwaka 1912 iliwaeleza watu warefu wa pwani ya Rhapta kuwa na tabia za kiharamia. Tafsiri ya Casson ya mwaka 1989, ikifuata usomaji mwingine wa neno moja la Kigiriki lenye utata, iliwaeleza kuwa wakulima. Hivyo, kwa tofauti ya herufi chache katika mswada, mababu wa pwani hiyo waligeuka kutoka maharamia kuwa walimaji wa ardhi. Katika bonde lililojulikana kwa mpunga wake, usomaji wa pili hauna sababu ya kushangaza.

3.0 Ngome za Mawe Pembezoni mwa Delta

3.1 Gereza la Kilwa Kisiwani

Mwezi Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa, wakaupora na kujenga ngome waliyoiita Santiago. Ngome hiyo iliachwa mwaka 1512, baada ya miaka saba tu. Kwa mtazamo wa Wakilwa, walioijenga ndio waliostahili kuitwa maharamia. Ngome haikujengwa ili kuuzuia uporaji bali ili kuulinda baada ya kufanyika. Gereza linaloonekana leo lilijengwa na Waomani mahali hapo hapo mnamo mwaka 1800, likatumia sehemu ya kuta za Wareno.

Mazingira ya ujenzi wa pili yanafaa kukumbukwa. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na katika mipango yake alikusudia kuwa na ngome kisiwani humo. Oman iliirejesha Kilwa chini ya mamlaka yake katika miaka ya 1780. Kwa hiyo Gereza lilikuwa na kazi zaidi ya moja: kuwaonya Wafaransa, kuwasimamia wenyeji, kulinda mapato ya forodha, na pia kuwakabili wavamizi wa baharini. Kuiita ngome ya kupambana na maharamia tu ni kuchukua sababu moja, tena ile inayompendeza mjenzi, na kuziacha nyingine.

3.2 Wasakalava na Maangamizi ya Kua

Wavamizi walioogopwa kuliko wote mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 walitoka Bukini, yaani Madagaska. Walikuwa Wasakalava wa pwani ya kaskazini-magharibi na Wabetsimisaraka wa mashariki, ambao waliungana kwa misafara mikubwa ya mitumbwi. Mitumbwi hiyo, kwa Kimalagasi lakana, ilikuwa na mrengu, ilikwenda kwa tanga na kafi, na haikuhitaji kina kikubwa cha maji. Lengo lao kuu lilikuwa mateka, ambao waliuzwa kama watumwa, wengi wao kwa wafanyabiashara Wafaransa.

Pigo la kwanza liliviangukia Visiwa vya Komoro. Huko miji ilizungushiwa kuta, na juu ya mji wa Mutsamudu, Nzwani, ikajengwa ngome ambayo ingali imesimama. Masimulizi ya Ngazidja yanawakumbuka wanawake wa Ikoni waliojirusha kutoka kwenye jabali mwaka 1805 ili wasichukuliwe mateka. Kutoka Komoro mashambulizi yalielekea pwani ya Msumbiji, ambako Wareno walikuwa wamekamilisha ngome ya São João Baptista katika kisiwa cha Ibo mwaka 1791, kisha yakapanda kaskazini hadi Mafia.

Kua ulikuwa mji mkubwa wa kisiwa cha Juani, uliotazama mlangobahari mwembamba unaokitenga kisiwa hicho na Mafia yenyewe. Magofu yake yana kasri la ghorofa, misikiti kadhaa, nyumba za mawe na makaburi, na sehemu kubwa ya yanayoonekana ni ya karne ya 18. Mji huo ulishambuliwa na Wasakalava katika miongo ya kwanza ya karne ya 19. Vitabu vingine hutaja mwaka 1822 na vingine 1829. Wakazi wengi waliuawa au kuchukuliwa, na mji haukukaliwa tena kama zamani. Kisiwa jirani cha Chole ndicho kilichoshika nafasi ya makao ya utawala, hadi Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913.

Masimulizi ya wenyeji hayaanzi na Wasakalava. Yanaanza na uhasama wa Kua na Kisimani, mji uliokuwa rasi ya magharibi ya Mafia, ikikabiliana na delta. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani walipoishua jahazi lao waliwalaza chini yake watoto wa Kua waliofungwa kamba. Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka, kisha wakawaalika wa Kisimani kwenye harusi, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi na kuuziba mlango kwa mawe. Si lazima kila sehemu ya kisa hiki ichukuliwe kuwa tukio lililotokea. Maana yake ya kihistoria ni kwamba kumbukumbu ya jamii inatafuta chanzo cha kuanguka kwa Kua ndani ya visiwa vyenyewe: miji iliyostahili kulindana ilikuwa imekwisha kuangamizana, na adui wa mbali alikuja kumaliza kilichobaki.

Fauka ya hayo, kuta za Kua hazikuwa kinga dhidi ya wavamizi wa aina hii. Nyumba ya mawe ilijengwa ili kuonyesha hadhi, kutunza mali na kuhifadhi faragha ya jamaa. Kwa mtu atafutaye mateka, jengo hilo lilikuwa ishara iliyoonekana kutoka baharini ikimwonyesha walipo watu na walichonacho. Tena, kisiwa kidogo hakina bara ya kukimbilia. Mashambulizi hayo hatimaye yalikoma kwa sababu zilizotokea Madagaska kwenyewe, hasa Mfalme Radama I alipozielekeza nguvu zake katika nchi ya Wasakalava wa Boina mwaka 1824 na baadaye, na kwa kubanwa kwa biashara ya watumwa iliyowalisha. Hakuna ngome ya mawe inayoweza kudai peke yake sifa ya kuyakomesha.

4.0 Kwa Nini Delta Haina Ngome ya Mawe

Jibu la kwanza liko katika ardhi. Ujenzi wa mawe wa pwani hutegemea matumbawe: mawe yake huchongwa kwa kuta, na chokaa yake hupatikana kwa kuyachoma. Matumbawe hayastawi penye maji baridi na tope. Mto Rufiji humwaga vyote viwili kwa wingi, na kwa hiyo sehemu iliyo karibu na midomo yake ina mchanga na matope badala ya miamba. Mafia, Juani na Songo Songo zina mawe. Salale na Simba Uranga hazina. Ukuta mzito uliojengwa juu ya tope lisilotulia, katika mikono ya mto inayobadili njia kwa vipindi, usingedumu.

Jibu la pili linaugeuza uhusiano unaofikiriwa kuwapo kati ya delta na miji ya mawe. Ukuta wa mawe haukamiliki bila dari, na dari ya nyumba ya Kiswahili hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haukuzidi meta tatu. Ndiyo maana vyumba vya kasri, vya msikiti na vya ngome vinafanana kwa wembamba wao. Msitu wa Rufiji ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya boriti hizo, na majahazi yalizipeleka hadi nchi za Ghuba ambako miti ya ujenzi ni adimu. Kwa hiyo ni kosa kuiona delta kama mahali palipokuwa nje ya historia ya ngome za mawe. Ilikuwa ndani yake, isipokuwa mchango wake ulikuwa wa mti, nao mti huoza kabla ya jiwe. Mtafiti anayelikuta gofu lisilo na dari anaiona nusu moja ya jengo. Nusu iliyotoka Rufiji imekwisha kutoweka.

Jibu la tatu ni makazi. Mkulima wa mpunga wa delta hakuishi katika mji mmoja uliokusanya mali yote. Aliishi katika kitongoji kidogo, akahamia shambani msimu wa mavuno, na kulinda mpunga wake akiwa juu ya dungu. Mkaa dunguni aliyewangojea nguruwe, nyani na ndege aliweza vilevile kuona chombo kigeni kikiingia mtoni. Alijua mkono upi una maji wakati wa bamvua na upi hukauka maji yakipwa, na aliitofautisha misitu kwa majina ya miti yake: mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Mgeni aliyeingia maji yakiwa yamejaa, akachelewa, alikwama matopeni hadi maji yaliporudi.

Ni kweli kwamba lakana ingeweza kupita penye maji machache, na hoja hii haidai kwamba delta haikuweza kuvamiwa. Inadai kwamba mvamizi wa delta alipungukiwa na vitu viwili alivyovipata Kua: shabaha iliyo wazi na watu waliokusanyika mahali pamoja. Kazi ya ngome ni kumcheleweshea adui muda hadi mlengwa apate nafasi ya kujinusuru. Kwa maana hiyo, mikoko pamoja na ujuzi wa maji vilifanya kazi ya ngome.

5.0 Ushahidi wa 1914-1915

Nguvu ya ngome hiyo ilionekana wazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilitoka katika maficho yake ya delta na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi mtoni kwa ajili ya matengenezo. Waingereza waliigundua tarehe 30 Oktoba, lakini manowari zao zenye kina kirefu hazikuweza kuifuata. Njia za mto zililindwa kwa mahandaki na bunduki zilizofichwa mikokoni. Novemba 1914 Waingereza walizamisha meli katika mojawapo ya njia ili kuiziba; Januari 1915 waliiteka Mafia na kuifanya kituo chao; wakaleta ndege za kuitafuta shabaha, na hatimaye meli mbili za mizinga zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 Julai ndilo lililoimaliza Königsberg.

Tukio hili kwa kawaida huelezwa kama kisa cha manowari na maofisa wake. Likitazamwa kutoka upande wa delta, linaeleza jambo jingine: dola lenye nguvu kuliko yote baharini wakati huo lilihitaji zaidi ya miezi minane ili kuifikia meli moja iliyokaa nyuma ya mikoko. Mizinga kumi ya meli hiyo ilitolewa na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mmojawapo umehifadhiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako mtazamaji huuona ukiwa chini ya kuta za mawe, mbali na msitu ulioulinda.

6.0 Mipaka ya Ngome ya Mikoko

Haifai, hata hivyo, kuipamba delta kupita kiasi. Msitu uliomzuia adui wa baharini haukumzuia aliyetoka bara. Mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa waliwapitisha mateka kwa miguu kuelekea kaskazini, na njia hiyo ilivuka Rufiji. Frederic Elton, aliyekuwa makamu wa konseli wa Uingereza Unguja, alisafiri kwa njia hiyo kati ya Desemba 1873 na mwanzo wa 1874, akakutana na misafara hiyo na kuhesabu watu waliokuwamo.

Ukweli huu unalirudisha suala la haramia. Msakalava aliyechukua mateka Kua, Mfaransa aliyeyanunua kwa mkataba Kilwa na mwenye msafara aliyeyapitisha Rufiji walishiriki katika biashara moja. Mmoja ameitwa haramia, wa pili mfanyabiashara, wa tatu tajiri. Aliyefungwa mnyororo hakuwa na sababu ya kuwatofautisha, na ngome iliyomlinda dhidi ya mmoja huenda ndiyo iliyomfungia kwa niaba ya mwingine. Historia ya neno gereza, kutoka kanisa hadi ngome na kutoka ngome hadi jela, imehifadhi kumbukumbu hiyo kuliko kuta zenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mipaka ya historia ya kujihami katika pwani hii haiwezi kuchorwa kwa kufuata magofu. Kua ilikuwa na mawe na ikaanguka. Gereza la Kilwa lilikuwa na mizinga na kazi nyingi zisizohusu maharamia. Delta ilikosa vyote viwili, lakini iliwapa wakazi wake muda na maficho, na iliwapa majirani zake dari za majengo yao. Kwa hiyo utafiti wa eneo hili unapaswa kuchukua istilahi za miti, za maji kupwa na kujaa, na za makazi ya msimu kama ushahidi wa kihistoria unaolingana na maandishi ya ukutani. Ushahidi huo umo katika lugha ya Wandengereko na Wanyagatwa, na hauwezi kuchimbuliwa kwa sururu. Msamiati wa mtu aijuaye delta ukipotea pamoja na wazee wake, hautapatikana chini ya ardhi.

Inafaa kuongeza jambo moja linalohusu uhifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mojawapo ya sababu ikiwa mmomonyoko wa pwani; sehemu ya Gereza ilikuwa imekwisha kuliwa na bahari. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi za ukarabati na za kuzuia mawimbi, na upandaji wa mikoko ulikuwa miongoni mwa hatua zilizochukuliwa kulinda ufuko. Ngome ya mawe, iliyojengwa ili kuwakinga watu, imehitaji kukingwa na mti ule ule ambao watu wa delta waliutegemea tangu mwanzo.